Mtamba Aliyevuka Mpaka wa Zablon

Mwaka ambao Wakenya walipanga foleni kupewa vitambulisho vipya, Zablon alipanga foleni kurudisha cha zamani.

Alisubiri zamu yake kwa adabu, nyuma ya akina mama waliojipaka mafuta usoni kwa ajili ya picha. Alipoifikia meza, akakiweka kitambulisho mbele ya naibu wa chifu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Asanteni," alisema. "Kimenitosha."

Naibu wa chifu, Mirumbe, alikigeuza mbele na nyuma. "Kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Nimejiondoa."

"Umejiondoa wapi?"

"Serikalini. Sina ugomvi nanyi. Kuanzia leo sitawaomba maji, barabara, dawa wala mbegu. Nanyi msinitume, msiniite barazani, msinihesabu. Boma langu litajitegemea."

Katika mafunzo yote aliyowahi kupewa, Mirumbe alikuwa amefundishwa la kufanya kukizuka moto, kipindupindu au nzige. Hakufundishwa la kufanya raia akijiuzulu.

"Sheria hairuhusu," akasema kwa kubahatisha.

"Ndiyo maana nimeanza kwa kujiondoa," alijibu Zablon, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jamhuri ya Kenya, tuseme ukweli, haikutikisika. Bendera ya ofisi ya Kehancha iliendelea kuning'inia palepale, imechoka kama kawaida. Aliyetikisika ni Mirumbe, na si kwa sababu ya kitambulisho. Ni kwa sababu ndani ya foleni ile alikuwamo mke wake, Bhoke, na Bhoke alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyekaa miaka mingi katika chumba kimoja, kisha akaonyeshwa kwamba kina mlango wa pili.

Mirumbe aliisikia sauti ile, akagonga muhuri mahali pasipotakiwa muhuri.

*

Zablon na Mirumbe walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wakuria jambo hilo halifutiki. Mtu wa rika lako unaweza kumtania, kula kwake bila kualikwa, hata kumtukania kofia, lakini kumfanyia uadui wa wazi ni aibu. Kwa hiyo Mirumbe hakuwa na nafasi ya kumchukia Zablon hadharani. Ilimbidi amchukie faraghani, na chuki ya faragha, kama chakula kilichofichwa sandukuni bwenini, huwa inaongeza harufu kila siku.

Zablon alikuwa ameendesha greda huko Homa Bay kwa muda mrefu, akisawazisha barabara ambazo mvua ilizirarua tena nyuma yake. Kisha ukaja ule wakati serikali ilipokuwa inapunguza watumishi. Walimwita, wakampa chai, wakamwomba astaafu mapema kwa hiari yake. Zablon hakuwahi kuombwa kitu kwa hiari tangu azaliwe. Akaionja hiari, akaiona tamu, akaendelea nayo hata pale ambapo serikali ilidhani mambo yamekwisha.

Alirudi nyumbani, akapanda ua wa miti ya mnyaa kuzunguka shamba lote, akaacha kulima tumbaku ya kampuni. Alisema kampuni na serikali ni mapacha. Anayenyonya kwa mmoja hunyonywa na mwingine. Akatengeneza sabuni kwa majivu na mafuta ya ng'ombe. Taa zake zikawaka kwa mafuta ya mbono, zikitoa moshi mwingi na mwanga wa kuonyesha moshi huo. Hakupandisha bendera yoyote. Alisema bendera ni kitambaa ambacho mtu angeweza kushonea suruali.

Halafu akachimba kisima.

Kisima ndicho kilichomuua Mirumbe. Kwa miaka, katika kila baraza, naibu wa chifu alikuwa akisimama na kutangaza kwamba kuhusu pampu ya maji, serikali ina mpango. Mpango huo ulizeeka, ukaota mvi. Sasa Zablon, na sururu na mkewe Filister wa kuvuta ndoo za udongo, alifika kwenye maji mwezi uleule alioanza. Akaacha pengo katika ua wake wa mnyaa, akasema mwanamke yeyote apite achote, bila kuandikishwa jina.

Bhoke alikuwa wa kwanza kupita.

"Kwa Zablon maji ni matamu," alisema jioni moja akimwandalia mumewe ugali.

"Maji hayana ladha," Mirumbe alisema. "Tulisoma."

"Basi ya kwake hayakusoma."

Mirumbe alimega ugali. "Na mwenyewe yupo wakati mnachota?"

"Yupo kwake, angekuwa wapi? Anatusaidia kuvuta kamba. Leo katuonyesha namna ya kuchuja majivu ya sabuni. Baba Caren, yule mtu akitaka kitu, anainuka. Hasubiri gari la wilaya."

Caren, binti yao, alikuwa ameolewa ng'ambo ya pili ya mpaka, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na maneno ya Bhoke hayakuwa na mtu mwingine wa kuyapunguza makali. Yalimfikia Mirumbe mazima mazima. Alimtazama mkewe. Mikono yake ilinuka sabuni ya Zablon. Ndoo ilikuwa imejaa maji ya Zablon. Hata ugali, alipofikiri vizuri, ulipikwa kwa maji ya Zablon, na yeye, mwakilishi wa serikali, alikuwa anaumeza.

Kuanzia siku hiyo alianza kuhesabu mambo ya ajabu. Bhoke anajifunga leso gani akienda kisimani? Ile ya maua. Akienda kanisani? Ya kawaida. Anarudi akiimba? Anaimba. Anapomwona mumewe, anaendelea kuimba? Anamalizia ubeti, kisha ananyamaza. Mirumbe alikuwa tayari kumsamehe Zablon kisima, sabuni na kitambulisho. Ubeti ule ndio uliomshinda.

Akajaribu kushindana. Akachimba kisima chake mwenyewe nyuma ya jiko, akafika mpaka magotini, akakutana na jiwe. Jiwe nalo lilikuwa na mpango wake. Siku ya pili akawaita vijana wa kazi ya jamii wamsaidie, na Bhoke akasimama mlangoni akasema, kwa upole unaoumiza kuliko tusi, "Zablon alichimba na mkewe."

Filister mwenyewe, tukimuuliza, alikuwa na maoni mengine. Yeye hakujiondoa popote. Kitambulisho chake kipya alikificha ndani ya gauni, na mtoto akishikwa na homa alikwenda zahanati kwa njia ya nyuma. "Kule nyumbani kuna nchi mbili," aliwaambia wanawake kisimani. "Mimi bado niko Kenya. Nalala tu ugenini." Lakini Mirumbe hakumuuliza Filister. Mwenye wivu hana muda wa kukusanya ushahidi wa kumfariji.

*

Wazo lilimjia Mirumbe akiwa barazani, akisikiliza kesi ya ng'ombe.

Kule Kuria, ng'ombe akiibwa, watu hupiga ukemi, na kila asikiaye hutoka mbio. Wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia katika ardhi ya watu fulani, watu hao huzipokea na kuzifuata wao, mpaka waonyeshe mahali zilipotokea upande wa pili. Wasipoonyesha, wanalipa ng'ombe. Hawaitwi wezi, na huenda kweli si wezi. Lakini nyayo zimeishia kwao. Kitongoji kizima huchanga, mzigo ukawa mwepesi.

Mirumbe aliketi wima. Zablon alikuwa amejitoa katika kitongoji. Boma lake ni nchi. Nchi ina mpaka. Nyayo zikiingia mle, zingepokewa na nani, kama si Zablon peke yake?

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, naibu wa chifu alikwenda nyumbani akiimba. Alimaliza mpaka beti zote.

Alichagua Jumamosi. Zablon na Filister walikuwa Wasabato. Serikali waliiacha, Mungu hawakumwacha, na asubuhi nzima wangekuwa kanisani. Bhoke alikuwa sokoni Kehancha akiuza nyanya. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ilipokea kila alama. Mirumbe alivua viatu vya kazi akavaa akala, zile ndara za matairi, kwa kuwa nusu ya wilaya ilivaa akala, akaingia zizini akamfungua mtamba wa Bhoke.

Mtamba huyo hakuwa wa boma. Alikuwa wa Bhoke mwenyewe, alipewa na nyanya yake alipokuwa ndama wa kujikwaa, mwenye rangi ya majivu na doa jeupe kwenye bega. Bhoke alimsugua kupe kwa mikono yake. Mirumbe alijua ataumia. Alijiambia maumivu yenyewe ni ya wiki chache tu. Baadaye angemtafuta mtamba, angempata kwa ushujaa mkubwa, na leso ya maua ingefungwa kwa ajili yake.

Akampitisha kwenye pengo la ua wa mnyaa, akamkanyagisha katikati ya viazi vya Zablon, hatua nzuri nzito, akamteremsha kijitoni. Hapo akatembea naye ndani ya maji, maji yakimfika magotini, mpaka kwenye daraja la barabara kuu. Mahali hapo makundi ya ng'ombe wa mnada yalikuwa yamepita tangu alfajiri, na ardhi ilikuwa imekorogeka kama uji. Lori la Jared lilimsubiri.

Jared alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Macalder. Alinunua wanyama Kuria akawapeleka huko kwenye machimbo, kuwachinjia wachimba dhahabu.

"Omera, ndugu yangu chifu," alisema, "huyu ni wa kuchinja?"

"Ole wako! Ni wa kukaa. Nitamfuata."

"Na kibali cha kumsafirisha?"

Vibali vya mifugo vilitiwa muhuri na Mirumbe mwenyewe. Aliufikiria muhuri ule, akafikiri pia kwamba muhuri huacha alama kuliko kwato. "Huyu hahitaji kibali," akasema.

Jared alimtazama, akamtazama mtamba, akatabasamu kidogo. Mirumbe alipaswa kulichunguza tabasamu lile. Hakulichunguza.

*

Ukemi wa Bhoke ulipasua mchana. Watu walitoka na mikuki, fimbo, na mmoja na mwiko. Mbele alitangulia mzee Kerosi, ambaye aliweza kusoma nyayo kama mhasibu asomavyo risiti. Mirumbe alitembea kando yake katika sare kamili, uso umekunjwa kwa majonzi aliyokuwa ameyafanyia mazoezi.

Nyayo ziliwaleta moja kwa moja kwenye pengo la ua. Zablon alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kanisani, Biblia kwapani. Kerosi aliinua mguu apite.

"Simameni!" Mirumbe aliunyoosha mkono. "Tumefika mpakani."

"Mpaka gani?" Kerosi aliuliza. "Hapa ni kwa Zablon."

"Ndiyo ninayosema." Mirumbe alimgeukia Zablon, sauti imejaa heshima ya kikatili. "Rika langu, hapa ni katika kata yangu ndogo, au si katika kata yangu ndogo?"

Kila mtu alielewa. Zablon akisema ni katika kata ndogo, basi nyayo ni za kitongoji kizima, wote wataingia kuzifuata, na zikipotea wote watachanga. Lakini pia atakuwa amerudi serikalini, mchana kweupe, mbele ya mwiko.

Filister alimvuta mumewe mkono wa shati. "Sema ni Kenya," alinong'ona. "Neno moja tu, tule chakula."

Zablon alitazama viazi vyake vilivyopondwa. Alimtazama Bhoke, aliyekuwa ameketi chini, leso imemtoka kichwani.

"Si katika kata yako," alisema.

"Basi nyayo ni zako."

"Ni zangu. Nimeiacha serikali, sikuwaacha majirani. Mama Caren, pole. Nipe mpaka jioni."

Akamkabidhi Filister Biblia, akaingia kijitoni na suruali yake ya kanisani. Watu walisimama nje ya ua wakimwona akienda juu, akirudi, akienda chini, akiinama kila jiwe. Wengine walitaka kumsaidia; Mirumbe aliwakumbusha kwamba kuvuka mpaka bila ruhusa ni kosa. Jua lilipoinama Zablon alitoka majini, akaenda zizini kwake. Alikuwa na dume la kukokota jembe na mtamba mmoja mwekundu. Akamfungua mtamba, akaiweka kamba mkononi mwa Bhoke.

"Zimeishia kwangu," alisema. "Chukua."

Hakulalamika, hakuomba siku zaidi. Bhoke alisimama na kamba ile mkononi, akamtazama Zablon kwa muda ambao, kwa mujibu wa Mirumbe, ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitajika kwa shughuli ya kupokea ng'ombe.

*

Hapa ndipo Mirumbe alipogundua kwamba, kwa akili zake nyingi, alikuwa amesahau yeye ni Mkuria.

Mtamba akitoka kwa mwanamume akaenda boma jingine kwa ajili ya mwanamke, watu hawasemi ni fidia. Wana neno lingine kabisa, na neno hilo lina sherehe. Kesho yake tu, mzee Kerosi alimsimamisha njiani.

"Chifu, nasikia kwako kumeingia mtamba kutoka kwa Zablon."

"Ni malipo ya nyayo, mzee. Ulikuwapo."

"Nilikuwapo, nilikuwapo." Kerosi alikohoa kwa furaha. "Nauliza tu, anaongeza wengine lini? Mmoja hatoshi. Bhoke ni mwanamke mchapakazi."

Sokoni walimuuliza. Kanisani walimuuliza kwa macho. Kinyozi alimuuliza huku ameshika wembe, kwa hiyo Mirumbe akalazimika kucheka.

Na nyumbani kila jioni alimkuta mkewe zizini, akimkwangua kupe yule mtamba mwekundu, akizungumza naye. "Unamkumbuka bwana wako? Bwana wako ni mtu. Alisema neno moja, akasimama juu yake." Mirumbe alijilaza akisikiliza mtamba wa mwanamume mwingine akicheua ndani ya zizi lake, cheu, cheu, kwa utulivu wa mgeni aliyekaribishwa. Alianza kumwonea wivu mtamba. Haikuwa hali ya kujivunia kwa mtu mwenye mshahara wa serikali.

Ikambidi aukamilishe mpango. Alimwambia Bhoke ana mkutano wilayani, akaenda Macalder.

Alimkuta Jared kwenye kibanda chake cha nyama. Mbele ya kibanda, wachimbaji walipita wamepakaa vumbi mpaka kope, na wanawake walikaa kando ya dimbwi wakitikisa mabeseni, wakitafuta chembe za dhahabu. Mtamba wa rangi ya majivu alikuwa amefungwa nyuma, amenenepa.

"Nimemfuata," Mirumbe alisema.

"Nani?"

"Mtamba wangu."

"Omera, huyu?" Jared alionyesha mshangao safi. "Huyu hana kibali. Ng'ombe asiye na kibali ana mwenyewe kweli?"

"Jared, nitakushtaki."

"Vizuri! Kituo kipo pale, unakiona. Twende pamoja, nikufungulie hata mlango." Jared alijifuta mikono. "Utaanza kusema nini?"

Mirumbe alifungua kinywa. Angesema: nilimwiba ng'ombe wa mke wangu, nikampa huyu amfiche. Akakifunga. Akafikiria chifu mkuu, haiwezekani. Mkuu wa wilaya, haiwezekani kabisa. Alisimama pale, na muhuri wa Jamhuri mfukoni, akagundua kwamba hakuna ofisi hata moja katika nchi nzima ambayo angeweza kuingia. Alikuwa amejiondoa serikalini bila kupanga foleni.

Na alimjua mtu mmoja tu aliyejua kuishi hivyo.

*

Zablon alisikiliza mpaka mwisho, ameketi ukingoni mwa kisima. Kisha akaivuta ndoo ya maji taratibu, mpaka Mirumbe akaanza kutamani tusi.

"Nililowesha suruali ya Sabato," Zablon alisema hatimaye.

"Najua."

"Nilidhani nimezeeka, siwezi tena kusoma nyayo. Nililala nikiwaza macho yangu." Akainuka. "Rika langu, wewe ni mpumbavu. Tuondoke kesho. Ubebe chakula chako mwenyewe."

Huko Macalder, Zablon hakupiga kelele. Alitandika gunia mbele ya kibanda cha Jared, akaketi, akamketisha Mirumbe kando yake. Akala kiazi. Mteja wa kwanza, mama wa makamo, aliwasalimu na kuwauliza wanasubiri nini.

"Tunasubiri ng'ombe, mama," Zablon alijibu kwa upole. "Yule wa nyuma. Ni wa wizi. Mwizi ndiye huyu hapa, naibu wa chifu. Alimwibia mke wake."

Mama alimtazama Mirumbe kuanzia kofia mpaka viatu. "Mke wake wa ndani ya nyumba?"

"Huyohuyo."

"Kwa nini?"

"Wivu," alisema Zablon. "Alidhani namtaka."

"Unamtaka?"

"Mimi? Mama, nina kisima, sabuni na Filister. Wakati wenyewe ningeutoa wapi?"

Mama alienda bila nyama. Akarudi na wenzake watano. Kila aliyekuja Zablon alimsimulia upya, bila kuongeza wala kupunguza, na kila mara alimnyooshea Mirumbe kidole kama mwalimu anayeonyesha mto kwenye ramani. Wachimbaji walitoka mashimoni kuja kumwona. Mmoja aliomba amwone akisimama. Na mbaya kuliko yote, wale wanawake wa mabeseni walimtazama Zablon na kusemezana kwa Kijaluo, wakitikisa vichwa kwa kusifu. Hata Macalder! Mirumbe, akiwa katikati ya fedheha kubwa kuliko zote za maisha yake, bado alipata nafasi ya kuona wivu.

Nyama ya Jared ilibaki ikining'inia. Hakuna aliyetaka kununua mahali ambapo mnyama wa nyuma ana hadithi. Huenda na wa mbele alikuwa nayo. Kabla ya saa ya chakula Jared alitoka akiwa ameshika kamba.

"Mchukueni! Mchukueni na gunia lenu! Chifu, tena usije kwangu na akili zako."

Walirudi kwa miguu, mtamba katikati yao, wakalala njiani kwa shemeji wa Filister. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya nyumbani, Zablon alimpa Mirumbe kamba.

"Mwambie ulifuata nyayo mwenyewe mpaka ukampata," alisema. "Mimi sina shida na sifa. Huko nako nimejiondoa."

Akakata njia ya mkato kwenda kwake, akiokota kuni.

Mirumbe alisimama na kamba. Kila alichokitaka tangu siku ya foleni kilikuwa mkononi mwake. Na alijisikia kama mtu aliyepewa shati kuukuu la mwenzake.

Bhoke alimwona kutoka mbali. Alikuja mbio, akamkumbatia mtamba shingo, akambusu lile doa la begani. Halafu, jambo ambalo Mirumbe alikuwa ameliomba kwa watakatifu wote anaowafahamu, akamgeukia yeye.

"Baba Caren! Wewe? Wewe ndiye uliyemtafuta? Kumbe mkutano ulikuwa uongo! Miguu yako, angalia miguu yako. Mwanamume wangu huyu!"

Macho yake yaling'aa. Alikuwa anamtazama mtu shujaa aliyefuata nyayo peke yake mpaka mbali. Mirumbe alimjua mtu huyo. Alikuwa Zablon, amevalishwa kofia ya serikali. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya pua yake akimpenda mwanamume mwingine, na safari hii mwanamume huyo alitumia uso wake yeye.

Hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi niliyemwiba," alisema.

Bhoke aliachia shingo ya mtamba.

Akamwambia yote: akala, viazi, kijito, Jared, gunia. Alipofika kwenye gunia aliongea haraka. Alipomaliza, mkewe alimzunguka taratibu, akimkagua kama anavyokaguliwa ng'ombe wa mnadani.

"Ulitembea ndani ya maji yale? Asubuhi? Na goti lako?"

"Ndiyo."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Hukutuma mtu? Hukungoja gari?"

"Peke yangu."

"Miaka yote hii," Bhoke alisema polepole, "nimekuomba uinuke ufanye jambo moja kwa mikono yako mwenyewe. Na jambo lenyewe ndilo hili." Sauti yake ilipanda. "Niliketi chini mbele ya watu nikilia, Mirumbe! Wewe umesimama juu yangu na sare!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Caren azaliwe.

"Nilisikia wivu."

"Wa Zablon? Mtu anayenuka mbono?" Alitaka kusema zaidi, akajizuia, akaenda zizini, akarudi anamvuta yule mtamba mwekundu. Akamtupia mumewe kamba. "Utamrudisha sasa hivi. Kwa njia ya katikati, si ya nyuma. Na kila atakayekuuliza, utamwambia."

"Nitapoteza kazi."

"Utapoteza."

Mirumbe alivuta kamba. Alipofika barabarani alisikia hatua nyuma yake, akageuka. Bhoke alikuwa anakuja, mikono kifuani, uso kama mlango uliokomelewa. Hakuna aliyemwambia aje. Angeweza kubaki na mtamba wake.

Mbele ya duka, mzee Kerosi alikuwa ameketi na wenzake. Alipoona ng'ombe anarudi alikotoka, akainuka kwa hamu.

"Chifu! Vipi, mahari imekataliwa?"

Mirumbe alisafisha koo. "Mtamba huyu," alianza, "anarudi kwa Zablon kwa sababu..."

"Sauti," alisema Bhoke nyuma yake.

Akaipandisha.